Mwili wake ndo ulikuwa mtaji: uchambuzi wa kisa cha chale Grimaldi, London

Kabla hatujaanza

Hiki kisa nakitumia sana nikikaa na vijana wanaoingia kwenye sanaa ya kuchekesha, hasa wale wa jukwaani kabisa, wa kuruka na kuanguka na kuvunja viti, maana kila nikikisimulia kuna mmoja lazima atanyamaza halafu utamwona anajishika goti. Ni kisa cha kweli, cha miaka 200 na zaidi iliyopita. Mhusika mkuu nimemwacha na jina lake, Joseph Grimaldi, kwa sababu ni mtu wa historia na hafichiki, ndo chale aliyekuwa maarufu kuliko wote kwenye pantomimu ya London ya wakati wake. Wengine wote, wake zake, mwanae, mameneja, wenye hisa, machale wenzake, majina nimeyatoa na nawaita kwa nafasi zao tu, sababu tunachotaka kujua hapa ni kazi ilipangwaje na nani aliamua nini.

Mengi yanatokana na kumbukumbu alizoandika mwenyewe mwishoni mwa maisha, zikatoka 1838 baada ya kuhaririwa na Charles Dickens akiwa bado kijana. Kwa hiyo zile hadithi za utotoni zipokee ukijua ni mtu mzima anakumbuka.

Swali la kisa ni hili: ilikuwaje mtu aliyekuwa anajaza moja ya kumbi kubwa za mjini akashindwa kusimama kwa miguu yake kabla hajafika miaka 45, mpaka akaja kuaga jukwaa akiwa amekaa kwenye kiti?

Alikotokea, na kazi ilivyokuwa

Tuelewane kwanza kuhusu pantomimu, maana siku hizi ukilitaja hilo neno mtu anapata picha ya jamaa aliyejipaka uso mweupe anasukuma ukuta usiokuwepo. Ya London ya wakati ule ilikuwa kitu kingine. Inaanza na hadithi, kijana na binti wanapendana, baba wa binti hataki kusikia, kuna mtumishi mzembe mzembe, halafu anatokea jini mwema anawageuza wote, kijana anakuwa Harlequin, binti anakuwa Columbine, mzee anakuwa Pantaloon na yule mtumishi anakuwa Klauni, na hapo sasa ndo mbio zinaanza. Harlequin ana kigongo cha vibao viwili, kile ambacho kelele zake ni nyingi kuliko maumivu, akikigonga kitu kinageuka kitu kingine hapohapo mbele ya watu, na Klauni na Pantaloon wako nyuma wanafukuza, wanaanguka, wanaiba soseji dukani, wanapigwa, wanainuka. Wahusika hao asili yao ni michezo ya barakoa ya Italia, na kwa miaka mingi nyota wa shoo alikuwa Harlequin. Klauni alikuwa mshamba tu wa pembeni, mashavu mekundu, nguo za mtumishi zilizochoka.

Kitu kingine ambacho watu wanakisahau ni sheria. Kuanzia 1737 tamthilia za maneno mjini London zilikuwa ni haki ya majumba yenye kibali cha mfalme, makubwa yakiwa Drury Lane na Covent Garden. Kumbi nyingine, kama Sadler's Wells kule Islington, ilibidi ziishi kwa nyimbo, dansi, kamba, wanyama na maigizo ya vitendo, na hali hiyo iliendelea mpaka 1843. Maana yake msanii wa kumbi hizo mwili wake ndo ulikuwa mdomo. Sadler's Wells walifika mahali 1804 wakaweka tangi kubwa la maji jukwaani ili wapigane vita vya majini laivu. Ushindani wote ulikuwa wa macho, nani anaonyesha kitu ambacho jana hakikuwepo.

Sasa mtoto wetu alizaliwa humohumo, 18 Desemba 1778. Baba Mtaliano, mwalimu wa dansi na mchezaji wa pantomimu, mkali kweli kweli, mama mcheza dansi. Kabla hajatimiza miaka mitatu alishapandishwa jukwaani. Anasimulia kwamba kwenye moja ya shoo za utotoni alivalishwa kama nyani, baba kamfunga mnyororo kiunoni, na baba anamzungusha hewani kwa ule mnyororo kwa kasi yote, usiku mmoja mnyororo ukakatika katoto kakaruka mpaka kwa watazamaji kakatua mikononi mwa mzee mmoja aliyekuwa amekaa zake anaangalia. Watu husimulia hii ili wacheke. Mimi huwa nawaambia vijana waisimamishe hapo kidogo: mtoto karushwa kama jiwe, hakuna aliyepoteza kazi, na kitu pekee kilichomwokoa ni mzee kukaa kiti kile na sio cha jirani.

1788 baba akafariki. Joseph ana miaka tisa. Sadler's Wells walikuwa wanamlipa shilingi 15 kwa wiki, baba alipokufa wakamshusha mpaka shilingi 3. Kazi ileile, mtoto yuleyule, ila aliyekuwa anamsemea hayupo tena. Mdogo wake wa kiume akakimbilia baharini, na Joseph akabaki na mama, na kutoka hapo mpaka uzeeni sijaona sehemu ambapo huyu mtu alikataa kazi kwa sababu ya kuchoka tu.

Kilichotokea, hatua kwa hatua

Ujanani anafanya kazi Drury Lane na Sadler's Wells, huku na huku. Mwaka 1799 akaoa binti wa mmoja wa wenye Sadler's Wells, na Oktoba 1800 mke akafariki kwenye uzazi, na mtoto hakupona. Aliendelea na kazi. Mwaka 1801 kwenye igizo moja bastola aliyokuwa ameichomeka kwenye buti ikafyatuka ikamuunguza mguu, akalazwa nyumbani, na dada mmoja mcheza dansi wa palepale ukumbini ndo akawa anakuja kumuuguza, ambaye baadaye akamuoa wakapata mtoto wa kiume Novemba 1802.

Mabadiliko makubwa ya kisanii yalianza Pasaka ya 1800. Sadler's Wells walitoa pantomimu mpya yenye Klauni wawili, mmoja mlaji mmoja mnywaji, Grimaldi akapewa mnywaji, yule mlaji akiwa chale mkongwe aliyekuwa anatamba kabla yake. Wakabadilisha na mavazi, zile nguo za mtumishi zikatupwa, zikaja nguo za rangi rangi zenye maumbo makubwa. Na uso nao ukabadilika. Ule wa zamani ulikuwa mwekundu wa kishamba, yeye akaja na uso, shingo, mpaka kifua kilichoonekana, vyote vyeupe, halafu pembetatu nyekundu mashavuni, mdomo mpana mwekundu, nyusi nene. Fikiria ukumbi umewashwa kwa mishumaa na taa za mafuta, mtu wa bei rahisi amekaa juu kabisa nyuma, anaona nini? Uso wa kawaida haumfikii. Huu ulimfikia. Nyusi ikipanda kidole kimoja tu, mtu wa kule juu anacheka. Kila chale unayemwona leo na uso mweupe na mdomo mwekundu anakula matunda ya uamuzi huo.

Mwaka 1806 akahamia Covent Garden, na 29 Desemba mwaka huohuo ikafunguliwa pantomimu ya mama bata bukini na yai la dhahabu. Haikuwa na mavazi ya kutisha wala mandhari ya gharama, iliandaliwa haraka haraka, na Grimaldi mwenyewe hakuipenda, aliona sehemu yake ni mbaya. Ikachezwa usiku 92 na kuingizia ukumbi faida ya zaidi ya pauni 20,000. Yeye alikuwa mtu wa mshahara wa wiki, pamoja na ule usiku mmoja wa msimu ambao mapato yake msanii anaruhusiwa kuchukua. Ukishayaweka hayo mawili pamoja utaelewa mengi yanayofuata.

Kutoka hapo Klauni ndo akawa mwenye shoo, Harlequin akabaki anaruka tu vizuri. Na akili yake ilikuwa kwenye vitu: anachukua vitu vya kawaida anavigeuza. Mwaka 1810 alijenga mtu mzima kwa mboga, tanipu, karoti na mazagazaga mengine ya sokoni, akampanga kiungo kwa kiungo mbele ya watu, yule mtu wa mboga akapata uhai wakaanza kupigana ngumi, na Klauni akapigwa akakimbia. Hakuna neno hata moja hapo, na mtoto wa miaka minne na muuza samaki wa London wote wanaelewa.

Halafu kuna suala la kumbi mbili. Msimu wa Sadler's Wells ulianza Pasaka mpaka vuli, ule wa Covent Garden ulianza vuli mpaka mwanzo wa kiangazi, kwa hiyo kila mwaka kuna majuma mengi ambayo misimu inapandana, na yeye yuko kote. Anapiga shoo Islington, jasho halijakauka anatoka mbio, kama kilomita mbili hivi, anaingia Covent Garden anaanza kuanguka upya. Mara nyingine kwa gari la farasi, na kuna usiku gari lilikosekana akakimbia barabarani na mavazi yake ya Klauni na uso wake mweupe, watu wakamtambua, umati ukamfuata unapiga kelele. Picha nzuri sana hii kwa mtu wa kuchora. Kwa mtu wa mazoezi ya viungo ni picha ya mtu ambaye misuli yake imepata joto, imepoa kwenye baridi ya usiku wa London, imelazimishwa tena, na wiki ijayo ni hivyohivyo, na mwaka ujao pia.

Kati kati hapo kulikuwa na ziara za mikoani ambazo zililipa kuliko mshahara wa mjini. Huko nako kuna ile ya Manchester, alitakiwa atokeze kutoka chini ya jukwaa akiwa ndani ya bakuli kubwa, kamba za mlango wa chini zikakatika akaporomoka mpaka chini kabisa. Akainuka, akamaliza shoo. Siku chache baadaye, Liverpool, kamba zikakatika tena.

Mwaka 1816 alizozana na Sadler's Wells kuhusu malipo, akaondoka. Akarudi 1818 sio kama mwajiriwa tu, alinunua hisa, sehemu ya nane ya ukumbi. Msimu ukaisha kwa hasara, na mwenye hisa ndo analipa hasara, kwa hiyo hela aliyoivuja jasho mikoani ikaenda kufukia shimo la ukumbi.

1819 akaimba kwa mara ya kwanza ule wimbo wake wa bibi muuza tufaha za moto. Bibi anauza tufaha, anakunywa pombe, na kila inapofika sehemu ya kutaja pombe yenyewe Grimaldi ananyamaza, anawaangalia watu kwa macho ya mshangao, na ukumbi mzima unapaza sauti "jini!", yaani ile pombe kali ya Kiingereza, na yeye anajifanya amekasirika kwamba watu wazima wanataja kitu kama hicho. Tutaurudia huu wimbo.

Mwaka 1823, Covent Garden, mwili ukagoma. Kila akitoka kwenye onyesho anayumba, na ilibidi wanaume wasimamishwe pembeni mwa jukwaa kumdaka, wanamketisha, wanamsugua miguu kwa nguvu zao zote maana misuli imejikunja imekuwa mafundo, wakishamlegeza kidogo zamu yake inafika, anasimama, anaingia jukwaani, na watazamaji wanaona chale mzima anaruka. Kisha anatoka, wanamdaka tena. Alikuwa na miaka 44. Mwaka huohuo akaacha, na mwanae, ambaye alimuingiza jukwaani 1814 akiwa na miaka 11, akachukua nafasi yake palepale.

Maamuzi, na kwa nini yaliamuliwa hivyo

Kukubali kumbi mbili kwa wakati mmoja watu wengi husema ni tamaa. Sikubali hata kidogo. Ukishamwona mtoto wa miaka tisa aliyeshushwa kutoka shilingi 15 mpaka 3 kwa wiki ndani ya msiba, hushangai kwamba mtu mzima hakuwahi kuamini ukumbi mmoja peke yake. Na majumba yenyewe hayakuaminika, Covent Garden iliungua Septemba 1808, Drury Lane ikaungua Februari 1809, msanii wa kutegemea ukumbi mmoja angelala njaa. Kwa hesabu ya mwaka mmoja mmoja uamuzi wake ulikuwa sahihi. Shida ni kwamba alikuwa anaupiga hesabu kwa mwaka, na mwili ulikuwa unaandika deni la miaka 30.

Kununua hisa ilikuwa ni jaribio la kutoka kwenye mshahara, na wazo lenyewe nalipenda, ameona pauni 20,000 zinapita mbele ya pua yake kwa mgongo wake, kwa nini asitake kukaa upande wa pili wa meza? Ila alinunua sehemu ya biashara ambayo yeye mwenyewe ndo mali yake kuu. Siku akiugua anapoteza mshahara, na hisa nayo inashuka thamani siku hiyohiyo, kwa sababu ukumbi hauna kitu kingine cha kuvuta watu. Kapu lilelile, mayai yaleyale, kaongeza tu idadi ya mayai.

Uamuzi wa kumrithisha mwanae naona ulitoka moyoni. Alimsomesha, hakumzungusha kwa mnyororo kama alivyofanyiwa yeye. Lakini kijana alipewa jina, mavazi, nafasi, na mtindo wa baba, mtindo ambao ndo kwanza umemvunja baba. Hakuna aliyekaa chini akauliza tuubadilishe nini kabla hatujamkabidhi.

Na wale wanaume wa kudaka. Huo ni uamuzi pia, ingawa hauandikwi kama uamuzi. Kuna mtu alipanga wasimame pale, usiku baada ya usiku. Yaani uongozi uliona hali ilivyo, ukaielewa vizuri kiasi cha kutenga watu, na jibu lililopatikana likawa ni jinsi ya kumrudisha jukwaani, sio jinsi ya kumtoa. Kwa upande wake yeye mwenyewe alitaka kurudi, hilo lazima tuseme, hakuburutwa.

Matokeo

Miaka mitano baada ya kuacha bado anaumwa na hela imeisha. Zikapangwa shoo mbili za kumchangia, 17 Machi 1828 Sadler's Wells na 27 Juni 1828 Drury Lane. Ya pili ilitakiwa iwe Covent Garden, ukumbi ule wa pauni 20,000, ila Covent Garden hawakumpa jengo, Drury Lane ndo wakampa. Siku hiyo alicheza onyesho moja tu, amekaa kwenye kiti kwa sababu kusimama hawezi, akaimba wimbo, na watu wakacheka na kushangilia kama zamani. Kisha akahutubia, akasema ule uchangamfu wake wa zamani umemtoza uzee kabla ya wakati, na kwamba sasa hivi kwa miguu anasimama vibaya kuliko alivyokuwa anasimama kwa kichwa. Alikuwa na miaka 49.

Mfuko wa wasanii wa Drury Lane ukampa pensheni ya pauni 100 kwa mwaka mpaka kufa kwake, na hiyo ndo iliyomlisha.

Mwanae hakudumu. Pombe, ugomvi, kazi zikampotea moja moja, akafariki Desemba 1832 akiwa na miaka 30. Mama yake akafuata 1834. Grimaldi akabaki peke yake kwenye nyumba ndogo Pentonville, jioni anakaa kwenye baa ya jirani anasimulia, na usiku ukifika mwenye baa anambeba mgongoni mpaka nyumbani kwake. Alifanya hivyo pia usiku wa 31 Mei 1837, wakaagana kama kawaida, na Grimaldi akafia usingizini. Miaka 58.

Alipozikwa leo ni bustani ya watu kupumzika yenye jina lake, na kuna vigae vya muziki ardhini, ukivikanyaga vinalia. Machale wa Uingereza bado wanaitwa "Joey" kwa jina lake la utani, na kila mwaka Februari wanakusanyika kanisani London wakiwa na mavazi yao kamili kumkumbuka.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Alichagua nafasi ya pembeni akaikuza kutoka ndani. Hakugombania Harlequin. Klauni hakuwa na hadhi kwa hiyo hakuna aliyemlinda asibadilishwe, na uhuru huo aliutumia wote.

Uso ule ulikuwa ni suluhisho la shida halisi ya mwanga na umbali, na ndo maana umedumu. Vijana wengi wanajipaka ili wafanane na chale. Yeye alijipaka ili mtu wa nyuma aone, ni vitu viwili tofauti kabisa, na ukikaa kiti cha mwisho cha ukumbi wowote unaona tofauti hiyo dakika ya kwanza.

Na vitu vya kawaida vya mtaani. Tanipu, soseji, mapipa. Watu waliviona asubuhi sokoni, jioni wakavikuta vinapigana ngumi.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Mfumo mzima ulimlipa kwa kuruka na hakuna aliyelipia kutua. Sisemi hili kwa uchungu wa leo tu, angalia ushahidi: bastola 1801, kamba mbili za mlango wa chini ndani ya ziara moja, mnyororo utotoni. Kila mara kifaa ndo kilichoshindwa, na kila mara gharama ilibaki kwenye mwili wake. Kamba iliyokatika Manchester ilitosha kumfanya mtu akague kamba za Liverpool. Hakukagua mtu.

Msaada ulikuja kama hisani mwishoni badala ya kuja kama haki katikati. Shoo za 1828 zilikuwa tukufu na zilimsaidia, lakini mtu anayechangiwa baada ya kuvunjika hapati miguu mipya. Ule mfuko wa Drury Lane naona ndo kitu pekee kwenye kisa kizima kilichofanya kazi kama kilivyokusudiwa, na ulikuwa ni wasanii wenyewe kwa wenyewe walioweka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndo kiini. Ukisoma visa vya Grimaldi haraka haraka utadhani alikuwa hana njia nyingine, kwamba chale wa aina yake ni mwili na mwili ukiisha basi. Hapana. Rudi kwenye wimbo wa tufaha wa 1819. Pale Grimaldi anafanya nini? Anasimama, ananyamaza, anaangalia. Kazi nzito inafanywa na watazamaji elfu kadhaa wanaopaza neno moja. Hakuna goti linaloumia. Rudi kwenye mtu wa mboga, pale anapanga vitu kwa mikono, mvuto wote uko kwenye kusubiri atamaliza vipi. Rudi kwenye uso, nyusi moja inayoonekana mpaka nyuma. Alikuwa na sanaa mbili ndani ya mwili mmoja, moja inayomla na moja isiyomla, na zote zilichekesha.

Halafu 27 Juni 1828 akakaa kwenye kiti, kwa kulazimika, na watu wakacheka. Kumbukumbu zinasema wimbo ulipokelewa vizuri kama siku zote. Najua kuna waliokuwa wanacheka huku wanalia, ilikuwa ni siku ya kuaga, lakini kicheko kilikuwa kicheko. Kama angekaa hivyo mwaka 1813, angekuwa na miaka 34, jina lake liko juu kuliko jina lolote mjini, na hakuna mtazamaji ambaye angerudisha tiketi kwa sababu Klauni leo ana onyesho refu la kukaa. Watu wa London wangemfuata hata kama angelala kitandani. Hakuna aliyeandika onyesho hilo, wala mwandishi, wala meneja, wala yeye, kwa sababu kila mtu pamoja na yeye alishaamini kwamba anachouza ni kuanguka.

Ndo maana kwenye mafunzo yangu kuna zoezi naliita zoezi la kiti. Kila anayekuja na shoo ya kuruka ruka namwomba aichukue dakika tano bora kuliko zote, aicheze amekaa, mikono na uso na sauti tu, mbele ya wenzake, na mmoja wetu anakaa kiti cha mwisho kabisa nyuma. Wiki ya kwanza wengi wanakasirika. Wanasema kitu hakipo tena. Wiki ya tatu au ya nne anaanza kupatikana mmoja ambaye amegundua kituo, ile sehemu ya kunyamaza na kuwaangalia watu mpaka wenyewe waseme neno. Hapo namwambia aandike, tarehe na kila kitu, aliweke pamoja na maonyesho yake ya kuruka, na kwenye shoo inayofuata aanze nalo akiwa bado hana maumivu popote.

Na kabla mtu hajapanda, tunakagua kamba.